Nipeni milimita kwanza, msimbo baadaye

Leo naandika nikiwa nyumbani Amukura, na umeme umekubali kubaki.

Leo hakuna habari za simu mpya wala Linux. Nataka tuzungumze kuhusu herufi moja na tarakimu tano: O26.873. Huo ndio msimbo ambao hospitali za Marekani humwandikia mama mjamzito ambaye shingo yake ya kizazi imefupika katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. (Nasema msimbo, sisemi kodi. Huku mpakani ukitaja kodi watu wanaanza kutafuta risiti.) Nimeukuta ndani ya programu ya kumbukumbu za wagonjwa niliyoletewa niirekebishe, kwa ajili ya kliniki moja iliyo kati ya Busia na Malaba. Msimamo wangu nautoa mapema, asiye na muda asihangaike kusoma hadi chini: msimbo huu haukupaswa kuwa swali la kwanza ambalo muuguzi analazimishwa kulijibu. Programu ya kliniki ihifadhi kile kilichopimwa. Msimbo utengenezwe baadaye, na mashine, kwa ajili ya yule anayeuhitaji.

Mimi si daktari. Nina digrii ya sayansi ya kompyuta na miaka kadhaa ya kutunga programu, basi. Ya matibabu nimeyasoma kwa sababu kazi imenilazimisha, na mama mwenye wasiwasi aende kliniki, asije kuuliza kwangu. Lakini ya hifadhidata, hayo niulizeni bila haya.

Tuanze na mwili wenyewe. Shingo ya kizazi, ambayo wengine huiita mlango wa kizazi, ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi inayobaki imefungwa miezi yote ambayo mtoto anakua. Siku za kujifungua zikikaribia inalainika, inafupika, kisha inafunguka. Hiyo ndiyo kazi yake. Shida huja inapoianza kazi hiyo mapema mno, kwa sababu mtoto anaweza kuzaliwa njiti. Urefu wake hupimwa kwa ultrasaundi, kwa kifaa kinachoingizwa ukeni, na jibu linatoka kwa milimita. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta wastani wa milimita 35.2 katika wiki ya 24 na milimita 33.7 katika wiki ya 28. Kipimo ambacho madaktari wengi hukitumia kusema "hii ni fupi" ni milimita 25 au chini yake, na hapo wanazungumzia mimba ambayo haijapita wiki ya 24. Wakati huo lipo la kufanya: projesteroni ya kuweka ukeni, au kwa baadhi ya akina mama kushonwa uzi.

Baada ya wiki ya 28 hadithi inageuka. Shingo za wanawake wengi wazima kabisa huanza kufupika zenyewe, kwa sababu mwili unajiandaa. Milimita 22 katika wiki ya 20 ni habari ya kumfanya daktari asimame. Milimita 22 katika wiki ya 35, kwa mama asiye na maumivu wala damu, inaweza kuwa habari ya kawaida tu. Watu wa kompyuta mmeshaona tulipofika: namba moja, maana mbili, na kinachotenganisha maana hizo ni namba nyingine, yaani wiki. Ukizihifadhi zote mbili una taarifa. Ukihifadhi moja una uvumi.

Sasa misimbo ilitoka wapi? Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha yake mwaka 1893 kwenye mkutano wa wanatakwimu uliofanyika Chicago, na ilikuwa orodha ya sababu za vifo. Ilikusudiwa kuhesabu waliokufa mji huu na waliokufa mji ule, ili watu walinganishe. Shirika la Afya Duniani liliichukua mwaka 1948 likiwa na toleo la sita, ndipo na magonjwa ya walio hai yakaingia. Toleo la kumi liliidhinishwa mwaka 1990 na likaanza kutumika mwaka 1994. La kumi na moja liliidhinishwa mwaka 2019 na kuanza rasmi Januari 2022. Wamarekani nao, kama kawaida yao, walichukua toleo la kumi wakalinenepesha kwa matumizi yao wenyewe na kuanza kulitumia tarehe 1 Oktoba 2015. Toleo hilo lao ndilo lenye O26.873. La Shirika la Afya Duniani halina.

Narudia, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapotelea. Ukitafuta mtandaoni "orodha ya misimbo ya magonjwa" ili uipakue na kuimwaga kwenye hifadhidata yako, unayoipata kwa urahisi, ya bure, iliyopangwa vizuri, tayari kwa jedwali, ni ile ya Marekani. Ni kazi ya serikali yao, imewekwa wazi, na ina maelfu kwa maelfu ya mistari. Mtunzi wa programu anaiona inafanana na ya kimataifa: herufi ni zilezile, nukta iko palepale, O ni ya uzazi huku na kule. Anafurahi, anaiingiza, anakunywa chai. Hivyo ndivyo ilivyofanya kampuni iliyotengeneza programu niliyoletewa. Sitaitaja, na sidhani kama iko peke yake.

Tazameni kinachotokea kwenye O26. Katika orodha ya kimataifa, O26.8 ni kapu la "hali nyingine zilizotajwa zinazohusiana na ujauzito", na mifano iliyoandikwa humo ni uchovu, matatizo ya neva za mikono na miguu, na ugonjwa wa figo unaotokana na mimba. Wamarekani walilipasua kapu hilo vipande: O26.81 ya uchovu, O26.82 ya neva, O26.83 ya figo, na kuendelea, hadi O26.87 ambayo ni kufupika kwa shingo ya kizazi. Hata kwao ni kitu cha juzi. Katika toleo lao la zamani msimbo wa kufupika kwa shingo uliongezwa Oktoba 2008 tu, ukiwa 649.7. Kisha wakaongeza tarakimu ya mwisho ya kuonyesha muhula wa mimba: 2 ni muhula wa pili, 3 ni wa tatu, na 9 ni "haikutajwa".

Jaribuni sasa kufanya kosa ambalo kila mfumo wa zamani hufanya. Safu ya msimbo imepimwa kwa misimbo ya kimataifa, herufi tano pamoja na nukta. Unaituma O26.873. Mfumo unaopokea unakata mkia, unabaki na O26.8. Je, unalalamika? Hata kidogo, kwa sababu O26.8 ni msimbo halali! Hakuna ujumbe wa kosa wala mstari mwekundu, na logi inasema kila kitu kimepokelewa. Mama aliyekuwa na shingo fupi katika wiki ya 30 ameingizwa kapu moja na mama aliyesema amechoka. Katika kazi yetu kosa linalopiga kelele ni rafiki. Hili ni lile jingine, la kimyakimya, ambalo unaligundua baada ya miaka mitatu mtu anapotaka takwimu.

Kuna na kituko kingine, hiki cha kuchekesha kidogo. O26.871 haipo. Hakuna msimbo wa kufupika kwa shingo katika muhula wa kwanza, na ukifikiri utaona sababu: hakuna anayezunguka kupima urefu huo katika wiki ya 9. Lakini mtunzi wa programu mvivu (na wengi wetu tulisomea kompyuta kwa sababu ya uvivu) haandiki mistari mitatu kwa mkono, anaandika kitanzi cha 1 hadi 3. Kwenye programu niliyoletewa, O26.871 ilikuwepo, imepangwa vizuri kwenye menyu, juu kabisa. Iliyo juu kabisa kwenye menyu ndiyo inayobonyezwa na mtu mwenye foleni ya akina mama arobaini.

Hayo ya mkia na kitanzi yanarekebishika kwa siku moja. Linaloninyima usingizi ni lile 3 la mwisho.

Kwa kanuni za Marekani, muhula wa pili unaanzia wiki 14 kamili, na wa tatu unaanzia wiki 28 kamili hadi kujifungua. Mama wa wiki 27 na siku 6 ni O26.872. Akilala na kuamka, ni O26.873. Mpaka huo ni mwembamba kuliko mstari wa rangi pale forodhani Malaba. Kule ambako karibu kila mjamzito amepigwa picha ya ultrasaundi mapema, siku moja ina maana. Hapa kwetu tunahesabuje? Tunamuuliza mama tarehe ya hedhi ya mwisho. Wapo wanaoikumbuka kwa siku. Wapo wanaosema ilikuwa shule zilipofungwa, au mvua ya kwanza ilipoanza, au kabla ya mazishi ya fulani. Hayo ni majibu ya kweli, ya watu wenye akili timamu, na muuguzi mzoefu anajua kuyafasiri kwa upana wa wiki mbili tatu hivi. Programu haijui upana. Sehemu ya tarehe ni ya lazima, haikubali kuachwa wazi, na skrini haisongi mpaka uijaze. Mtu afanyeje? Anaandika tarehe 15 ya mwezi anaoudhania. Nilipopanga tarehe zote za hedhi zilizokuwa ndani ya ile hifadhidata, tarehe 15 na tarehe 1 zilisimama juu ya nyenzake kama minara ya simu. Wanawake wa Teso Kusini hawaingii hedhini kwa ratiba ya mishahara, jamani.

Kutoka kwenye tarehe hiyo ya kubuni programu ilihesabu wiki, kutoka kwenye wiki ikachagua muhula, kutoka kwenye muhula ikabandika 3. Kisha ikatupa njia iliyopitia. Ukiitazama O26.873 kwenye skrini huwezi kujua kama nyuma yake kuna picha ya wiki ya 12 au kuna "shule zilipofungwa". Zote zina uso mmoja, wa uhakika.

Wamarekani wenyewe wanajua kwamba ile tarakimu haitoshi. Ndiyo maana wana kundi jingine la misimbo, Z3A, la kutaja wiki yenyewe: Z3A.30 ni wiki ya 30, Z3A.32 ni ya 32. Na wana Z03.75, ambayo hutumika kusema "tulishuku shingo imefupika, tukaangalia, haikuwa hivyo". Hiyo ya mwisho naipenda sana! Programu niliyoletewa haikuwa na njia yoyote ya kusema "tuliangalia, hakuna". Ukishaandika shaka, shaka inakuwa ugonjwa, na ugonjwa unamfuata mama hadi mimba inayofuata. Walibeba msimbo mmoja wakaacha ndugu zake wawili wanaoupa maana.

Mtauliza, je, wiki mbili tatu zina ubaya gani? Hapa nitawachelewesha kidogo, kwa sababu jibu lake liliandikwa huku huku magharibi mwa Kenya.

Kuna sindano ya deksamethasoni ambayo hupewa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati, ili mapafu ya mtoto yakomae upesi. Katika hospitali za nchi tajiri imeokoa watoto kwa miongo mingi. Watafiti walitaka kuifikisha vijijini pia. Utafiti wao ulifanyika katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Zambia, ukihusisha karibu watoto 100,000, na matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2015. Upande wa Kenya kazi ilikuwa huku magharibi, chini ya mtandao wa utafiti ambao daftari lake la akina mama na watoto limekuwa likiandikwa Busia, Bungoma na Kakamega. (Busia yetu imezoea kuwa maabara. Utafiti wa dawa za minyoo shuleni ulioanza hapa mwaka 1998 ni mojawapo ya kazi zilizomjengea jina Michael Kremer, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2019.) Mama asiyejua tarehe zake alikadiriwa wiki kwa kupimwa tumbo kwa utepe wenye rangi. Na kwa kuwa wiki hazikuwa za kuaminika, hata hesabu ya nani alizaliwa njiti ilifanywa kwa kutumia uzito: watoto wadogo kabisa kwenye mizani walihesabiwa kuwa ndio njiti.

Matokeo? Kwa watoto hao wadogo vifo havikupungua. Na kwa watoto wote kwa jumla vifo viliongezeka: 27.4 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai katika maeneo yaliyopewa mpango huo, dhidi ya 23.9 katika maeneo mengine. Akina mama wengi waliodungwa hawakuzaa mtoto mdogo, na maambukizi kwa akina mama nayo yalishukiwa zaidi upande wa sindano.

Miaka michache baadaye Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti mwingine wa dawa hiyohiyo, katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan. Safari hii umri wa mimba ulithibitishwa kwa ultrasaundi, wiki 26 hadi kabla ya wiki ya 34, na hospitali zilikuwa na uwezo wa kumlea mtoto njiti. Mwaka 2020 matokeo yakatoka: vifo vya watoto wachanga asilimia 19.6 kwa waliopata dawa, asilimia 23.5 kwa wasiopata. Ulikuwa mkubwa mno mchango wa dawa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake.

Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni mahali inapotolewa, na ubora wa namba moja iliyoandikwa kwenye fomu. Sitaki kujifanya kwamba namba ndiyo sababu pekee, maana huduma ya mtoto baada ya kuzaliwa ni kitu kikubwa. Ila mimi kazi yangu ni fomu, na fomu ilikuwa ndani ya hadithi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho.

Basi nilienda kukaa na sista mmoja wa kliniki ile, mama ambaye amezalisha wanawake wa huku tangu sijaanza shule. Nikamwonyesha menyu. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwanangu, hii mashine inataka nijue kuliko ninavyojua."

"Sasa sista, ungetaka ikuulize nini?"

"Iniulize nimeona nini. Kama nina picha, iulize picha inasema nini. Kama sina, iniulize nimemshika mama nikasikia nini. Jina la ugonjwa atalitoa daktari wa Busia."

Nimesoma miaka minne chuoni na hakuna mhadhiri aliyenifundisha uundaji wa hifadhidata kwa ufupi hivyo.

Kinachofurahisha ni kwamba wazo hilo si geni katika programu za afya, na tena lina mizizi ya karibu. OpenMRS, programu huria iliyoanza mwaka 2004, ilikua kutokana na kazi ya AMPATH kule Eldoret na mfumo wa awali wa kituo cha afya cha Mosoriot. KenyaEMR imejengwa juu yake. Ndani ya OpenMRS kila swali na kila jibu ni dhana yenye namba yake, na msimbo wa kimataifa ni lebo inayobandikwa kando ya dhana hiyo. Dhana moja inaweza kubeba lebo kadhaa: ya kimataifa ya kumi, ya SNOMED, ya Marekani ukiitaka. Lebo ikibadilika, vipimo vya mama havigusiki. Kamusi inayotumika sana humo, CIEL ya Chuo Kikuu cha Columbia, inafanya hivyo kwa maelfu ya dhana. Kwa hiyo anayeanza programu ya kliniki leo kutoka sifuri, na kupakua orodha ya Marekani kuwa msingi, anakataa kazi ambayo majirani zake walishaifanya bure.

Kwenye ile niliyoletewa nimefanya hivi. Menyu ya misimbo nimeiondoa mbele ya muuguzi. Badala yake anaona urefu wa shingo kwa milimita, kama ulipimwa, na ulipimwa kwa njia gani. Tarehe ya kipimo. Wiki na siku za mimba. Na wiki hizo zimetokana na nini, yaani picha ya mapema, picha ya kuchelewa, tarehe ya hedhi anayoikumbuka, makadirio, au hatujui. Dalili zipo: maumivu, damu, maji. Lipo na jibu la "tuliangalia, iko sawa". Sehemu ya tarehe ya hedhi haina ulazima tena, na inakubali mwezi bila siku. Msimbo unatoka nyuma ya pazia. Ukidaiwa wa kimataifa, toleo la kumi, kanuni inatoa O26.8 na kubaki na maelezo yake kwa maneno. Kama daktari amesema shingo imelegea na mama ameshonwa, hiyo ni O34.3, kitu kingine kabisa ambacho orodha ya zamani ilikuwa inakichanganya na hiki. Siku tukihamia la kumi na moja nitabadilisha jedwali moja tu.

Najua pingamizi. Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi ya madai ya hospitali aliniambia kwa simu, "Ndugu yangu, bila msimbo hakuna malipo, na bila malipo hiyo kliniki yako itafungwa." Ana haki. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kila hospitali imejifunza kwamba dai lisilo na taarifa kamili halitembei. Na wizara inahitaji kuhesabu. KHIS, ambayo inaendeshwa kwa DHIS2, imekuwa ikipokea hesabu za vituo vyetu kwa zaidi ya miaka kumi, na bila kuainisha huwezi kujumlisha. Sipingi kuainisha. Napinga kuainisha kukiwa ndicho kitu pekee kinachobaki. Kutoka milimita na wiki unaweza kupata msimbo wakati wowote, hata usiku wa manane ofisi ikiwa imefungwa. Kutoka kwenye msimbo hakuna njia ya kurudi kwenye milimita. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba kitendo kisichorudi nyuma hukifanyi mapema bila sababu.

Halafu kuna hatari ya upande wa pili, ambayo wenye programu huwa hawaitaji. Ukimpa mtu menyu ya magonjwa yanayolipiwa na mengine yasiyolipiwa, ugonjwa utaongezeka. Mama wa wiki ya 35 ambaye mwili wake unajiandaa kama kawaida anakuwa na "tatizo la muhula wa tatu" kwa sababu kuna kitufe chake. Ukimwekea muuguzi milimita, wiki na chanzo cha wiki, mkaguzi anaweza kuona mwenyewe kama kitu kiko sawa.

Na sisi tuna jambo letu la mpaka. Waswahili wa huku ndio tuliolipa bara hili neno bodaboda, baiskeli za kubeba abiria kutoka mpaka hadi mpaka, na akina mama nao wanavuka vilevile. Mama wa Malaba anaweza kuhudhuria kliniki Kenya na kujifungua kwa dada yake upande wa Tororo, kwa kuwa Iteso ni watu walewale pande zote mbili. Uganda nayo inatumia DHIS2, lakini hizo ni hesabu za jumla za kila nchi. Rekodi ya mama huyu haivuki nazo. Kinachovuka ni kitabu chake cha kliniki na karatasi ya rufaa, vimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mpokeaji wa upande wa pili akikuta "O26.873" atafanya nini nayo saa nane za usiku? Akikuta "shingo milimita 14, wiki 30 na siku 2, kwa picha ya wiki ya 13, ana maumivu, hana damu", anajua kama sindano ile inafaa, na anajua kama ampokee au ampakie kwenye ambulensi tena.

Kwa hiyo karatasi ya rufaa sasa inachapisha vipimo kwa maneno, kwa herufi kubwa, na msimbo uko chini kabisa kwa herufi ndogo kwa ajili ya wenye madai. Sista ameipitia, akaongeza sehemu moja ambayo sikuifikiria: nani alimwona mama, na namba ya simu ya kituo.

Kilichobaki ni printa. Ya kliniki ni ile ndogo ya risiti, karatasi yake nyembamba kama utepe, na barua yangu inakatika pembeni kabla ya kufika kwenye wiki, yaani palepale nisipotaka ikatike. Nimejaribu kupunguza herufi, sista akasema hasomi maandishi ya sisimizi. Kama kuna msomaji aliyewahi kupangia printa za aina hiyo kwenye Linux, aniandikie kabla ya Jumatatu.